Vidole Vyako Havijakukosea Kitu

Mdogo wangu, hilo gitaa lilaze kitandani kwanza, tuzungumze. Usiliegemeze ukutani. Litateleza livunjike shingo, halafu uje kunililia msiba mwingine wakati huu wa kwanza hatujaumaliza.

Najua kilichokuleta. Umemwona mtu kwenye simu anapiga gitaa kavu kwa vidole, kafumba macho, mkono wake wa kushoto umetanda freti tano bila hata kukunja uso. Ukasema na mimi nitapiga hivyo hivyo. Ukaweka kidole cha shahada freti ya tatu uzi wa sita, cha pete freti ya tano uzi wa tano, cha mwisho ukakivuta kwenda freti ya saba uzi wa nne. Hakikufika. Ukakivuta zaidi, kikafika, ila kufika kwake cha shahada kikawa kimeshaachia na besi imekufa. Ukarudia, ukarudia, mpaka kiganja kikawaka moto. Mwisho ukakaa unaukodolea macho mkono wako, unauona mfupi, mnene, wa kumenyea viazi tu.

Wengi mnaonijia na jambo hili hamji na swali la gitaa, mnakuja na aibu. Dada, vidole vyangu vifupi. Dada, nimeanza nikiwa mtu mzima, mkono umeshakomaa. Dada, nimeambiwa gitaa ni la wenye mikono mirefu. Jamani, na nyinyi mkakubali! Mtu akikwambia maneno ya namna hiyo mara moja, unayabeba miaka. Leo yatue hapa.

Kulikuwa na mpigaji anaitwa Django Reinhardt, Mromani aliyezaliwa Ubelgiji akafanya kazi zake Ufaransa. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, gari la makazi alimokuwa akilala liliwaka moto. Mkono wake wa kushoto ukaungua, kidole cha pete na cha mwisho vikabaki vimekunjamana, havikunjuki. Solo zake zilizomfanya ajulikane dunia nzima alizipiga kwa vidole viwili, na vile vilivyoharibika akavisaidizia kwenye kordi pale vilipoweza. Kule Kanada kuna Joni Mitchell. Alipata polio akiwa na miaka tisa na mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu. Zile kordi ambazo wenzake walizishika kwa nguvu, yeye zilimshinda, basi akazungusha vifunguo vya gitaa, akazityuni nyuzi kwa namna zake mwenyewe mpaka sauti alizozitaka zikapatikana kwa kushika kidogo tu. Leo watu wanahangaika kutafuta alizityuni vipi.

Sikwambii haya ili ujione mvivu, maana najua akili yenu inavyokwenda: "Ona, yule ana vidole viwili, mimi nina vitano na bado nashindwa!" Hapana. Nakwambia kwa sababu wote wawili hawakuongezewa urefu wa vidole. Waliacha kugombana na mkono, wakaifuata sauti ilipo. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Haya, sasa lichukue gitaa.

Ile kordi iliyokutoa machozi ina noti nne ukihesabu na ile ya uzi wa tatu freti ya nne: G, D, A na B. Nifuate taratibu. G ya besi iache pale pale, uzi wa sita freti ya tatu. D uliyoifuata uzi wa tano freti ya tano ndiyo hiyo hiyo inayolia kwenye uzi wa nne ukiwa wazi, hujabonyeza chochote. A uliyotaka kujivunjia kidole kule freti ya saba, ipo uzi wa tatu freti ya pili. Na B ni uzi wa pili ukiwa wazi. Uzi wa tano na wa kwanza usiziguse kabisa. Sasa donoa: gumba kwenye uzi wa sita, kisha wa nne, wa tatu, wa pili.

Umesikia? Noti ni zile zile, za kimo kile kile. Vidole viwili tu vya mkono wa kushoto, tena vimekaa jirani vinapiga soga. Ukitaka wimbo upande uwe wa A, funga kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote, freti ya pili, umbo lile lile linakuhudumia. Kama huna kapo, penseli na mpira imara vitakusitiri mpaka ujaliwe.

Nisikudanganye lakini, haziko sawa kwa asilimia mia. Uzi ulio wazi hulia kwa muda mrefu na kwa sauti angavu zaidi, na ule uliobonyezwa katikati ya shingo hutoa sauti nzito, iliyojikusanya. Wapo wanaoitaka ile nzito na hawatakubali nyingine. Sawa, ni haki yao. Lakini wewe ambaye hata wimbo hujaumaliza, usianzie kwenye ugomvi wa wakubwa. Kila ukikutana na kordi inayokutanua, jiulize kwanza noti zake zinapatikana wapi pengine kwenye shingo. Nyingi za katikati zina zaidi ya nyumba moja. Mtu akiiandika au akiionyesha kwa umbo fulani, ameonyesha njia aliyopita yeye.

Kuna jingine linalowatia hatia bure, nalo ni kuacha noti. Mtu anaona kordi imechorwa na vidoti sita, anadhani asipobonyeza sita ameiba. Mdogo wangu, unapiga kwa kudonoa. Mkono wa kulia unagusa uzi mmoja, nyuzi mbili, zikizidi sana tatu kwa wakati mmoja. Kwa nini mkono wa kushoto ushikilie sita, tena kwa kukaza meno? Bonyeza kinachodonolewa. Besi ikilia mwanzo na ile noti ya mbali inakuja baada ya midundo miwili, basi kidole cha mwisho kina midundo miwili ya kusafiri. Kipe safari yake. Vidole viingie kwa zamu, na kinachoshika besi kikae mpaka besi imalize kazi. Nusu ya kordi mnazoziita ngumu ni ngumu kwa sababu mnataka zishuke zote kwa pigo moja, wakati wimbo wenyewe haujaomba hivyo.

Na ikibidi kupunguza, punguza kwa akili. Besi usiitupe, ndiyo inayosema kordi ni ya nani. Noti ya tatu usiitupe, ndiyo inayosema kama ni ya furaha au ya huzuni. Ile ya rangi, iliyofanya uipende kordi hiyo, nayo ibakize. Noti ya tano ya skeli ndiyo ya kwanza kusamehewa: kwenye C yenye C, E na G, G ikiondoka hakuna wa kukukamata. Na zile zinazojirudia, C tatu kwenye kordi moja, za nini?

Chukua F, adui wa kila anayeanza. Mnailaza shahada juu ya nyuzi sita, mnaibana mpaka mkono unatetemeka. Lakini uzi wa nne freti ya tatu, wa tatu freti ya pili, wa pili freti ya kwanza, na wa kwanza ukiwa wazi, umepata Fmaj7, tamu, laini, na besi yake ya F iko pale kwenye uzi wa nne. Nyimbo nyingi za taratibu zinaipokea kwa mikono miwili. Ukitaka F ya chini kabisa, wapo wanaopitisha kidole gumba juu ya shingo na kubonyeza uzi wa sita kwa gumba lenyewe. Merle Travis wa Kentucky alipiga hivyo maisha yake yote na mtindo mzima wa kudonoa ukaitwa kwa jina lake. Mwalimu wa klasiki akikuona atashika kichwa. Msalimie, endelea.

Hapa sharti nikutajie mtu wa nyumbani, maana mnakimbilia mbali na huku kwetu jungu limejaa. Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, wa Katanga. Mwaka 1952 mrekodi wa muziki aitwaye Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, siku hizi Likasi, akipiga wimbo "Masanga". Utafute usikilize. Ukiusikia mara ya kwanza unaweza kuapa wako wawili: besi inatembea zake, sauti za juu zinajibizana, na katikati kitu kinatikisika. Alidonoa kwa gumba na shahada. Vidole viwili. Mkono wa kushoto haukuwa na maajabu ya kutanuka; maajabu yalikuwa kwenye mpangilio, nini kilie sasa na nini kisubiri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi akipiga muziki wa kutangaza Aspro, vidonge vya maumivu, na mimi hucheka nikikumbuka, kwa sababu mpigaji yule ndiye wa mwisho kuvihitaji. Ukimaliza kwake, pita magharibi ya Kenya kwa George Mukabi na omutibo yake, gitaa moja na chupa ya Fanta inayokwaruzwa. Alifariki 1963 na bado vijana wanaumiza kichwa kumfuata. Usione vyaelea, vimeundwa, na hivi vimeundwa kwa kupanga, si kwa kuvuta.

Nasikia unavyonung'unika. "Dada, mimi nataka ile ile, ya freti tano." Ninyi mkishaambiwa kuna njia fupi, ndiyo kwanza mnaitamani ndefu. Sawa. Zipo nyimbo ambazo mtanuo hauepukiki, hasa zile ambazo umbo linatembea juu na chini ya shingo na nyuzi zilizo wazi haziwezi kulifuata. Basi tujifunze, ila kwa utaratibu wangu.

Kwanza elewa freti zilivyokaa. Hazilingani upana. Gitaa kavu la kawaida, urefu wa uzi kutoka kichwani hadi kwenye daraja ni karibu milimita 648. Freti ya kwanza peke yake ina upana wa milimita 36. Ya kumi na mbili ina 19 tu. Umbo lako la tatu, tano, saba linakudai karibu milimita 112 kutoka kidole hadi kidole. Umbo hilo hilo ukilipeleka freti ya saba, tisa, kumi na moja, linakudai 89. Sentimita mbili na zaidi zimeondoka, na wewe hujakua hata kidogo. Kwa hiyo anzia huko, karibu na tumbo la gitaa. Likikaa bila kukaza, shuka freti moja kuelekea kichwani. Siku nyingine, moja tena. Mnachofanya ni kuanzia pagumu kuliko pote halafu mnashangaa. Na pale utakapokwama, kapo inasaidia pia: inaipandisha kordi ya freti pana ikaangukie kwenye freti nyembamba.

Pili, kaa vizuri. Nusu yenu mnapiga mkiwa mmejilaza kitandani, mgongo umepinda, mnaangalia simu. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mguu wa kushoto uweke juu ya kigoda kifupi, gitaa likae kwenye paja hilo la kushoto, kichwa chake kielekee juu, karibu usawa wa bega au jicho. Utaona kifundo cha mkono chenyewe kinanyooka. Wanaoliweka gitaa paja la kulia na kulishusha kichwa, ndio wanaolazimika kukunja kifundo kama… basi, kukikunja vibaya. Kiwiko kiachie, kisibanwe kwenye ubavu. Ukikisogeza mbele kidogo mkono unazunguka na kidole cha mwisho kinasogea kwenye nyuzi bila wewe kukivuta.

Kidole gumba ndicho kinachowaponza. Kikiwa kimechungulia juu ya shingo, kiganja kinaganda kwenye mbao na vidole vinakuwa vifupi kweli. Kwenye mtanuo kishushe nyuma ya shingo, katikati au chini ya katikati, kielekeane na kidole cha kati. Ndiyo, nimetoka kukwambia Merle Travis alipitisha gumba juu. Kila jambo na wakati wake, usinitege.

Halafu, na hili ndilo mnalolipuuza: anza kuweka kidole cha mwisho, kisha rudisha shahada nyuma. Msianze na shahada. Kidole cha mwisho na cha pete vimefungamana kwa ndani, kimoja kikienda kingine kinaburutwa, ndiyo maana hakitaki kwenda mbali peke yake. Shahada ina uhuru zaidi, inaweza kulala ubavu kuelekea kichwani mwa gitaa na kujinyoosha bila kulalamika. Basi mpe nafasi yule asiyeweza kusafiri, anayeweza ndiye atembee. Na kila kidole kikae nyuma tu ya chuma cha freti, kwa karibu, hapo nguvu kidogo inatosha. Jaribu hivi: bonyeza mpaka uzi ulie safi, kisha legeza polepole mpaka uanze kukoroma, kisha ongeza kidogo tu. Hiyo ndiyo nguvu inayohitajika. Iliyobaki yote mliyokuwa mkiitumia ilikuwa hasira.

Sasa njoo karibu, hili silisemi kwa mzaha. Maumivu.

Ncha za vidole zikiuma mwanzoni, vumilia, sugu itaota na yatakwisha. Mkono ukichoka baada ya kupiga muda mrefu, pumzika, kesho utakuwa mzima. Lakini maumivu ya kuchoma kwenye kifundo, au kwenye shina la kidole gumba, au ganzi na vidole kufa usiku, au kuamka asubuhi umeshindwa kufungua kifuniko cha chupa: hayo si ya kuvumilia. Acha kupiga. Siyo "acha baada ya wimbo huu". Acha. Yakiendelea siku kadhaa, nenda hospitali uonane na daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na umwambie wazi kwamba unapiga gitaa, maana wengine mnaona haya kusema. Kamba hukatikia pembamba, na kwenye mkono pembamba ni mishipa ile myembamba inayopita kwenye kifundo. Ikishavimba haiponi kwa ujasiri wako.

Robert Schumann, mtunzi wa Ujerumani, alitaka kuwa mpiga piano mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1830, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, kidole cha mkono wake wa kulia kikamgomea. Katika mahangaiko yake alitumia na kifaa cha kuvifanyisha vidole mazoezi. Wataalamu hadi leo wanabishana kama chanzo ni kifaa, mazoezi ya kupitiliza au maradhi. Mimi kwenye ubishi huo simo. Ninachokiona ni kijana aliyeaga jukwaa la piano kabla hajalizoea, akabaki kuwatungia wengine. Kwa hiyo yale ya kujifunga vidole, kuchomeka kizibo cha chupa kati ya vidole usiku ukalala nacho ili "vitanuke", sitaki kuyasikia. Mkono una tabia ya unga wa chapati: ukiukanda ukauacha upumzike, unatanuka wenyewe; ukiulazimisha ukiwa umekaza, unarudi ulipotoka, na ukizidi unachanika.

Dakika tano za mtanuo kwa siku zinatosha kabisa. Tanua, shika kwa pumzi mbili, achia, teremsha mkono ukautikise pembeni. Kisha piga nyimbo unazozipenda, za kawaida. Bandu bandu huisha gogo. Na msianze na baridi. Ninyi wa Njombe, wa Limuru, wa Arusha mwezi wa saba, ingizeni mikono kwenye maji ya uvuguvugu kwanza, pigeni skeli nyepesi, ndipo mje kwenye haya. Mkono wa baridi ukitanuliwa unanuna.

Tena kabla hujaulaumu mkono, likague gitaa. Mnanunua gitaa la bei nafuu, nyuzi ziko juu mno, halafu mnalia kwamba hamna kipaji. Bonyeza uzi wa sita freti ya tatu, kisha chungulia pale freti ya kwanza. Kati ya uzi na chuma pawe na upenyo mdogo sana, wa kupita karatasi tu. Pakiwa na uwazi mkubwa, ule mfupa mweupe unaoshika nyuzi kule kichwani mifereji yake haijachimbwa vya kutosha, na hiyo ndiyo inayofanya freti za mwanzo kuwa ngumu kupindukia. Nenda freti ya kumi na mbili: uzi ukiwa milimita mbili hadi mbili na nusu juu ya chuma, gitaa lako ni jema. Ikiwa nne, unapigana na jini. Mpelekee fundi wa magitaa, ni kazi ndogo. Wewe mwenyewe usichukue msasa wala kisu cha jikoni. Mfereji ukishakatwa kupita kiasi, uzi unakoroma mpaka mfupa ubadilishwe. Na ninyi wa Pwani, wa Tanga, Mombasa na Unguja, unyevu hufanya mbao za tumbo zivimbe na nyuzi zipande. Gitaa lililokuwa laini kiangazi linaweza kuwa gumu masika, na mkono wako ni ule ule. Lihifadhi kwenye mkoba wake.

Nyuzi zenyewe pia zina unene. Wengi hufungiwa seti ya 12. Omba ya 10, ni nyembamba, inabonyezeka kirahisi zaidi. Sauti yake si nene sana, lakini bora sauti nyembamba inayotoka kuliko nene inayokoroma.

Kucha. Wadogo zangu wa kike, na siku hizi hata wa kiume, nianze vipi? Hina sawa, rangi sawa. Lakini kucha za mkono wa kushoto zikiwa ndefu kidole hakiwezi kusimama kwa ncha, kinalala, kinaangukia uzi wa jirani na kuuzima, halafu unasema kordi ngumu. Kata. Za kulia fuga, hizo zinadonoa vizuri. Najua harusi ya binamu ni mwezi ujao na umeshalipia kucha za bandia kumi. Bandika tano.

Basi nimjibu na yule mwenye haraka, maana kila mara yupo: anatakiwa kupiga Jumapili kanisani, au Jumamosi kwenye kitchen party ya rafiki, wimbo una kordi mbili za mtanuo na zimegoma. Mpenzi, siku tatu hazitanui mkono. Kaa leo jioni, kila kordi uiandike noti zake kwenye karatasi, uzitafute kwenye nyuzi zilizo wazi na freti tatu za mwanzo. Ikikosekana nyumba ya karibu, acha besi na noti mbili za juu, uache mwimbaji ajaze. Kimo cha sauti yake kipatie kwa kapo, siyo kwa kujinyonga. Piga polepole kuliko kawaida mara ya kwanza mnapofanya mazoezi pamoja, umsikilize anavyopumua. Na akija mtu baadaye kukuambia "mbona ile kordi ya pili hukuishika kama kwenye video?", mwambie ndivyo ulivyopanga wewe, kisha muulize kama ameshakula.